Inampangia Nani

Wanafunzi walimwita Mama Chapa, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani ni mwalimu wa viboko. Hakuwahi kumchapa mtu. Alichochapa ni mitihani. Aliajiriwa shuleni kwetu akiwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa, akapewa chumba chembamba kando ya stoo ya madaftari, taipureta yenye herufi R iliyokuwa ikikwama, na mashine ya kurudufia ya kuzungushwa kwa mkono. Kwa miaka kumi na mitano, kila swali lililoulizwa katika shule ile lilipita kwanza kwenye vidole vyake.

"Mitihani yote ya shule hii nimeifanya mimi, mwalimu," aliwahi kuniambia. "Ila majibu hakuna aliyenidai."

Kompyuta zilipoletwa, wengi walidhani ataaga. Yeye akaomba ruhusa ya kusoma chuo wakati wa likizo, akasoma miaka minne, akikaa dawati moja na vijana wa umri wa kifungua mimba wake, akarudi na stashahada. Wakampa darasa. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Mimi nilihamishiwa shule ile baadaye, kufundisha Kiswahili. Meza yangu ikasukumwa hadi ikagusana na yake, uso kwa uso, na kwa miaka kumi na mmoja tuliangaliana juu ya marundo mawili ya madaftari. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na hakutembea bila rula ya mbao. Rula hiyo ilibaki kutoka enzi za taipureta. Aliiweka chini ya kila mstari aliokuwa akiusoma, hata mstari uliokuwa kwenye skrini.

"Mama Chapa, utaikwaruza hiyo skrini," walimu vijana walimtania.

"Skrini itanunuliwa nyingine. Kosa likishatoka, limetoka."

Amestaafu mwaka huu. Kwenye sherehe ya kumuaga walisifu kuwahi kwake kazini, na mtu mmoja akausifu mwandiko wake. Yote ni kweli. Lakini mimi nilikaa pale na soda yangu mkononi nikisubiri mtu aseme jambo jingine, na hakuna aliyelisema, kwa sababu tuliolijua vizuri tulikuwa wawili, yeye mwenyewe na mimi, na mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Basi naliandika.

Mada ya algorithimu ilipoingia kwenye mtaala, ilimsumbua. Wiki ya kwanza nusu ya darasa la kidato cha pili waliandika madaftarini "Ali Karimu". Msichana mmoja, golikipa wa timu ya wasichana ambaye kila mtu alimwita Kipa, akanyoosha mkono akauliza kama huyo Ali alikuwa mgunduzi. Darasa likacheka. Mama Chapa hakucheka.

"Tuseme yupo," alisema. "Na tuseme kweli ni mkarimu. Ni mkarimu kwa nani?"

Waliyokuwa nayo ni maneno ya kitabu, ambayo waliyatiririsha kama maji: algorithimu ni mfuatano wa hatua za kutatua tatizo. Siku iliyofuata akawatoa nje hadi kwenye bomba la maji lililo nyuma ya maktaba. Bomba moja, wanafunzi arobaini na wawili, dakika kumi za mapumziko. Kila kundi liandike hatua za kupanga nani anywe kwanza. Kundi moja likapanga kwa alfabeti. Jingine wafupi mbele. Kundi la Kipa likaandika hatua sita zenye hesabu nzito za namba za madawati na tarehe ya siku, na ukizifuata zote bila kuruka, kila siku wa kwanza kunywa alikuwa Kipa.

"Lakini zinafanya kazi, mwalimu," Kipa alijitetea. "Kila mtu anapata maji."

"Zinafanya kazi sana," alisema Mama Chapa. "Ndiyo maana zinanitisha."

Alirudi chumba cha walimu, akakaa, akaigongagonga rula mezani. Mimi nilikuwa nasahihisha.

"Mwalimu wa lugha, nisaidie. Watoto wanajua kitu kinafanya nini. Nashindwa kuwafundisha waulize kinamfanyia nani. Kila nikieleza nageuka mhubiri, wanaanza kusinzia."

"Hiyo ni kauli ya kutendea tu," nilisema bila kuinua macho. "Pika, pikia. Panga, pangia. Ukishaongeza hiyo 'i', sentensi haikai mpaka umtaje anayetendewa."

Rula ikanyamaza.

"Rudia," alisema.

Alhamisi iliyofuata kipindi chake kiliangukia saa yangu ya mapumziko, akanikokota nikakae nyuma ya darasa. Aliandika ubaoni: *Simu inachagua nyimbo.* Akamwita mvulana aliyekuwa na vidude vya kusikilizia shingoni.

"Iweke kwenye kutendea."

"Simu inanichagulia nyimbo."

"Inakuchagulia wewe?"

"Ndiyo, mama. Ili nifurahi."

"Ukifurahi unafanya nini?"

"Naendelea kusikiliza."

"Ukiendelea?"

Akafikiri. "Yanaingia matangazo."

"Basi hebu anza upya. Inamchagulia nani, nini?"

Kijana akahesabu kwa vidole kama ninavyowafundisha mimi kutafuta yambwa, yaani kinachotendwa na anayetendewa. "Inamchagulia mwenye matangazo..." Akasita. "Mtu wa kumsikiliza. Inamchagulia mimi."

"Huyu amekuwa wimbo," Kipa alisema, na darasa zima likaangua kicheko. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kila mmoja akiwaza simu ya kwao nyumbani.

Tangu siku hiyo nilikaa nyuma ya darasa lile kila Alhamisi. Nilikuwa nimeifundisha kauli ya kutendea kwa miaka kumi na minne kwa mifano ya mama kumpikia baba wali. Sikujua ina meno.

Katika darasa hilo alikuwamo binti wa marehemu dada yangu. Dada aliugua tangu mwanzo wa mwaka ule, akafariki muhula wa pili, na binti akahamia kwangu na begi moja na sufuria ya mama yake ambayo hakutaka itumike. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Kitu kimoja tu alikitaka na alikisema waziwazi: kusomea kazi ya maabara. Katika miezi ile ya kwenda na kurudi hospitali, watu wote waliwaambia "subirini", isipokuwa mama mmoja wa maabara aliyetoka dirishani kila mara na karatasi na kuwaeleza kilichoandikwa. Binti alitaka kuwa mtu huyo. Na ili awe, lazima kidato cha tatu aingie mkondo wa sayansi.

Mwaka huo mkuu wa shule alileta mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga wanafunzi kwenye mikondo. Zamani walimu walikaa kutwa nzima kugombana. Sasa Mama Chapa aliingiza alama na mahudhurio, akabonyeza, na orodha ikatoka kabla chai haijapoa. Ikabandikwa ubaoni nje ya ofisi: *Wanafunzi Waliopendekezwa Mkondo wa Sayansi.*

Binti alirudi nyumbani, akavua viatu, akaviweka sawasawa mlangoni.

"Mama mdogo, ile mashine haijanipenda."

"Haijakupendekeza," nilimsahihisha. Mungu anisamehe, ndilo nililolisema.

"Si mzizi mmoja?"

Ni mzizi mmoja. Nilienda jikoni nikawasha jiko ambalo halikuwa na sababu ya kuwashwa. Niliporudi nilimwambia kwamba masomo ya sanaa nayo ni masomo, na mimi mwenyewe nimeyasoma, na mambo ndivyo yalivyo. Akaitikia "sawa". Nilijua hiyo sawa. Ndiyo niliyokuwa nikiisema mimi maisha yangu yote, kwa kila ofisa, kwa kila barua ya uhamisho, na kwa mtu mmoja aliyekuwa mume wangu.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mama Chapa hajamaliza kufuta ubao, Kipa akanyoosha mkono. Yeye jina lake lilikuwemo kwenye orodha, kwa hiyo hakuwa na lake la kulilia.

"Mwalimu, ile orodha ya pale nje. Inampangia nani?"

Nilimwangalia binti wetu. Alikuwa akiitazama meza yake.

Mama Chapa angeweza kusema tuendelee na somo. Mimi ningesema hivyo. Yeye alivua miwani, akaiacha ining'inie.

"Sijui," alisema. "Na aliyeibonyeza ni mimi. Hebu tuone."

Akaunganisha kompyuta na ile mashine ya kuonyeshea ukutani, akafungua ukurasa wa kwanza wa mfumo, ule usio na jina la mtu wala alama. Akaweka rula ukutani chini ya mstari: *Lengo la upangaji.* Chini yake kulikuwa na machaguo manne. La kwanza, lililotiwa alama ya vema, lilisema: *Kuongeza wastani wa ufaulu wa shule.* La pili: *Kufuata chaguo la mwanafunzi.* Mengine mawili yalihusu idadi ya madawati na idadi ya walimu.

"Nani alichagua hilo la kwanza?" aliuliza Kipa.

"Nilipofika hapa nilimpigia mkuu simu. Alikuwa mkutanoni. Akasema, weka hiyo ya juu."

"Kwa nini ya juu?"

"Kwa sababu ilikuwa juu."

Walicheka. Yeye aliwasubiri wamalize.

"Andikeni," alisema. "Mfumo huu unaipangia shule wastani."

"Na sisi?" aliuliza mvulana wa nyimbo.

"Ninyi ndio mnaopangwa. Na mimi nilisaidia."

Kengele ilipolia alinifuata hadi mlangoni. "Twende kwa mkuu."

"Siwezi. Nitaonekana namwombea mtoto wangu."

"Wewe huombi kitu. Unakuja kama mtaalamu wa kauli."

Ofisi ya mkuu ilikuwa na feni iliyogeuka upande mmoja tu, upande wake, na kabati la vioo lenye kombe moja la mpira wa pete. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alimsikiliza Mama Chapa mpaka mwisho.

"Mama, mfumo ndio umepanga," alisema. "Si mimi wala si wewe."

"Mfumo ulituuliza tunataka nini, mkuu. Sisi ndio hatukujibu."

"Wastani ukishuka nitaitwa mimi. Hutaitwa wewe."

"Hilo kweli. Basi tuliandike pale ubaoni, watoto wasihangaike kuwaza. Tuandike: orodha hii imepangwa ili mkuu asiitwe."

Nilitazama kombe la mpira wa pete. Kisha mkuu akacheka, kicheko cha mtu aliyekutwa na mkono ndani ya mtungi wa sukari.

"Wewe mama unastaafu lini?"

"Bado miaka mingi. Nivumilie."

Akaruhusu mfumo uendeshwe upya kwa lengo la pili. Tulirudi maabara ya kompyuta sisi wawili. Alibonyeza. Majina tisa ambayo hayakuwemo yakaingia kwenye mkondo wa sayansi. Nilipitisha macho juu hadi chini, nikarudia chini hadi juu. La binti halikuwemo.

Mama Chapa alilitafuta kwa rula. Alama zake zilitosha. Lakini mahudhurio yake yalikuwa asilimia sitini na moja, na mfumo ulimkata yeyote aliye chini ya sabini na tano kabla hata ya kusoma alichokiomba.

"Basi," nilisema. "Tumejaribu. Asante, dada." Nilikuwa nimeshabeba mkoba.

"Kaa chini. Hizo thelathini na tisa alikuwa wapi?"

"Unajua alikuwa wapi."

"Mimi najua. Wewe unajua. Hii hatujaiambia." Alikipekua kijedwali cha mahudhurio kwenye skrini, kulia na kushoto. "Na hata tukitaka kuiambia, haina pa kuandika."

Akachapa orodha ya wote waliokatwa kwa mahudhurio. Walikuwa kumi na saba. Akailaza karatasi mezani, akaibana rula kwa kiganja, akapiga mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini kwenye ukingo mtupu wa kulia. Juu ya safu hiyo mpya akaandika kwa kalamu, kwa ule mwandiko uliokuja kusifiwa kwenye sherehe: *Sababu.*

Kumi na saba waliitwa mmoja mmoja kuandika wenyewe, kwa mkono wao. Mkuu aliteua walimu watatu kusoma na kuamua. Mimi nilijitoa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Wengi waliandika maradhi. Wawili waliandika kwamba nyumbani hakukuwa na mtu wa kubaki na mdogo wao. Mmoja aliandika: *Uvivu, lakini nimeacha.* Huyo naye alikubaliwa, nasikia kwa kura mbili kwa moja.

Jioni ile, walimu wengine wameshaondoka, Mama Chapa alikuja na karatasi akaiweka juu ya rundo langu la madaftari. Nilikuwa nasahihisha. Akaweka rula chini ya mstari wa kumi na mmoja.

"Sahihisha," alisema.

Niliusoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Binti alikuwa ameandika: *Nilikuwa nampikia mama, namfulia, namsomea.*

Nilitafuta kosa, kwa mazoea. Vitenzi vitatu, vyote kauli ya kutendea, na anayetendewa yupo palepale, hahitaji kuulizwa. Kumsomea sikukujua. Nilijua alipika, nilijua alifua. Sikujua kwamba dada yangu, ambaye macho yalimwisha kabla ya pumzi, alisomewa. Alisomewa nini, sijauliza mpaka leo. Pengine magazeti. Pengine vitabu vya sayansi vya kidato cha pili, maana ndivyo vilivyokuwemo ndani ya lile begi.

Nilifunika kalamu. Mama Chapa alivuta kiti chake akakaa upande wangu wa meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na tukakaa hivyo mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha.

Binti alikubaliwa kwa majaribio ya muhula mmoja. Muhula huo hakukosa hata siku moja, hata siku aliyokuwa na homa nikamkataza na akaenda kwa mlango wa nyuma. Wastani wa shule ulishuka kidogo mwaka uliofuata. Mkuu aliitwa. Alirudi, akanywa chai, na safu ya Sababu ikaendelea kupigwa kwa rula kila mwaka, kwa sababu waliotengeneza mfumo waliandikiwa barua na hadi leo hawajajibu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kumtembelea, mimi na binti, ambaye sasa yuko mwaka wa pili wa chuo cha maabara. Tulimkuta barazani, miguu juu ya kiti, simu mkononi, rula chini ya maandishi ya simu.

"Njooni mnieleze," alisema kabla hatujaketi. "Tangu nistaafu simu inaniletea video za magoti. Magoti, magoti, magoti. Imejuaje kama yananiuma?"

"Haina habari na magoti yako, bibi," alisema binti. "Inamtafutia muuza dawa magoti."

Mama Chapa alimtazama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kisha akacheka mpaka rula ikaanguka.

"Mtoto huyu nani kamfundisha?"

Binti aliiokota rula akampa. Nilikuwa nimekuja na madaftari machache kwenye mkoba, nikidhani nitapata nafasi, na nilikuwa nimeshafungua la kwanza.

"Na wewe mwalimu wa lugha," alisema, "bado unajibu watu bila kuinua macho?"

Nililifunga daftari. Nikainua macho, nikamwambia asante, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote nikamtajia ni asante ya nini.